Mshororo Uliovunjika Kiooni



Marehemu mjomba aliacha madaftari matatu ya mashairi. Siku ya arubaini yake niliahidi mbele ya ukoo kwamba nitayaweka katika intaneti yasomwe na kila atakaye. Nikajenga tovuti kwa mikono yangu, na nikaipamba: juu picha kubwa ya bahari, nyuma taarabu inayojipiga yenyewe, maandishi ya dhahabu juu ya weusi. Mashairi niliyapiga picha kutoka madaftarini, mwandiko wake uonekane.

Juma la kwanza walifika wengi. Juma la tatu mgeni nilikuwa mimi peke yangu.

Nilipomuuliza mkaza mjomba, alinijibu kwa upole: “Mwanangu, nilifungua. Bando likaisha kabla sijauona ubeti hata mmoja.”

Jibu hilo lilinifunza zaidi ya vitabu. Nilikuwa nimewajengea wageni mlango wa nakshi usiofunguka. Nikaiondoa picha ya bahari na kuinyamazisha taarabu, kwani anayesoma shairi ana sauti yake kichwani. Nikaweka wino mweusi juu ya weupe. Shairi likatangulia, wasifu wa mtunzi ukafuata chini.

Kisha nikayageukia mashairi yenyewe. Shairi lililopigwa picha halitafutiki kwa neno lililomo ndani yake, na programu inayomsomea kwa sauti asiyeona mara nyingi haiyasomi maneno yake. Nikayachapa yote, neno kwa neno. Picha ya mwandiko nikaiacha mwishoni, ndogo, afungue apendaye.

Hapo ndipo nilipokutana na tatizo letu sisi washairi. Tazameni mshororo huu nilioutunga kwa mfano: “Nyumba yangu iko wazi, karibu uketi ndani.” Una mizani 16, na ukiuhesabu pamoja na nafasi unakaribia herufi 40. Kioo cha simu nyingi, kwa herufi za ukubwa wa kusomeka, hakiutoshi. Neno “ndani” huanguka chini peke yake, na kina cha mwisho huanguka nalo. Msomaji huona maneno yaliyotawanyika, asione shairi. Naye huondoka bila kujua kilichomfukuza.

Dawa tunayo tangu zamani. Katika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, wanakili walitenga vipande kwa alama ili jicho lijue pa kupumzika. Nami nikakata kila mshororo penye kina cha kati: ukwapi juu, utao chini yake, umesogezwa ndani kidogo. Mizani minane hukaa kiooni bila kubanwa, na vina vyote viwili husimama mahali pake. Utenzi wa mizani minane haukuhitaji hata hilo.

Mwisho wa kila shairi nikaweka njia moja tu ya kuendelea: shairi jingine la mada ileile. Mgeni aliyemaliza kusoma yuko tayari kusoma tena, lakini ukimwonyesha milango ishirini, atatoka kwa ule aliouingilia.

Baada ya mwezi mkaza mjomba alinipigia simu. Alikuwa amesoma mashairi yote ya daftari la kwanza. “Ubeti wa tatu, lile la mvua,” akasema, “umekosea neno. Hapo mizani imepungua mmoja.” Nikarudi daftarini nikakuta kweli: nilikuwa nimeusoma vibaya mwandiko wa mjomba.

Nikalisahihisha siku ileile. Tangu hapo sihesabu waliofungua tovuti. Nahesabu waliokaa hata wakaliona kosa. Basi, mwenye mashairi mtandaoni na ayafungue leo kwa simu ndogo, ausome ubeti mmoja hadi kituo chake.