Sanduku la Bati



Wapendwa vijana, tulipoombwa kuandika tafakari juu ya kutoa, tulitazamana, kisha tukacheka kwa aibu. Sisi watatu tunaoandika hapa tulikulia katika shirika moja la mtaani huko Kadutu, tukapokea Kipaimara siku moja, na kwa miaka mingi tulimiliki kwa pamoja sanduku la bati. Ndani yake mlikuwamo magari madogo yanayogeuka kuwa roboti, yale yaliyotokana na sinema za Transformers. Yalikuwa 27. Yote tunayoyajua juu ya kutoa tuliyajua kwa sanduku hilo, wala hatuwezi kuyasema bila kulifungua mbele yenu.

Sinema ya kwanza ya Michael Bay ilitoka mwaka 2007. Sisi tuliiona baadaye, kwa jirani, katika lugha ya Kifaransa, na umeme ukakatika kabla ya pigano la mwisho. Ilipita miaka miwili kabla hatujajua nani alishinda. Lakini vichezeo vilikuwa vimekwisha kufika soko la Kadutu, vimerundikwa juu ya turubai kati ya sabuni na betri. Havikuwa vile halisi vya kampuni ya Hasbro, bali viigizo vyepesi vya plastiki, na mkono ulilegea kabla ya wiki kwisha. Hatukujali. Fedha tuliyopewa ya kununua sambaza tuliipunguza kidogo kidogo, nao mama zetu, Mungu awabariki, walijifanya hawaoni jinsi samaki walivyopungua bakulini.

Tulinunua la njano, kisha la kijani, kisha jeusi, na kila moja tulilipa jina na tabia yake. Siku moja mmoja wetu aliyafungua mawili kwa bisibisi ya fundi saa, akakuta ndani ya vifua vyote viwili alama ileile ya kalibu, hata na kasoro ileile karibu na skurubu. Lilikuwa gari moja lililopakwa rangi mbili. Tulihuzunika kana kwamba tumeibiwa. Baadaye tulijifunza kwamba wenye kazi yao wamefanya hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1984, vichezeo hivyo vilipoanza kuuzwa Marekani kwa jina la Transformers, ndege tatu, Starscream, Skywarp na Thundercracker, zilitoka katika kalibu moja: ya kwanza kijivu, ya pili nyeusi, ya tatu buluu. Mwili mmoja, majina matatu, na wanunuzi walizitaka zote. Tangu hapo na sisi tuliyapenda hasa yale yaliyobadilishwa rangi.

Mmoja wetu (hatutamtaja, ingawa wenzetu wa shirika wanamkumbuka) aliwahi kumwuliza katekista, siku ya Kugeuka Sura kwa Bwana, kama Yesu aligeuka pale mlimani jinsi magari yetu yanavyogeuka. Darasa zima lilicheka. Katekista hakucheka. Alijibu kwamba mlimani Bwana hakuongezewa kitu wala hakupakwa kitu. Mitume walionyeshwa kwa kitambo kidogo vile alivyokuwa siku zote. Wakati ule tuliona jibu hilo ni la kukwepa swali.

Tulipofika sekondari tulianza kupaka wenyewe. Mafundi wanaonyosha magari yaliyogongwa walitupa mabaki ya rangi makoponi, nasi tukajifunza kwa kuharibu. Kwanza huoshwa kwa sabuni ili mafuta ya mikono yatoke. Kisha husuguliwa kwa msasa laini, skurubu hufunguliwa, kila kipande hupakwa peke yake, kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka huachwa ikauke. Mahali plastiki inaposuguana na plastiki hapapakwi kabisa. Rangi ya kucha tuliijaribu mara moja. Ilikwangua uso wa roboti hadi ukawa kama nta iliyoyeyuka. Kosa kubwa kupita yote ni kupaka gari likiwa limefungwa, kwa maana rangi huingia viungoni na ikikauka hushika kama gundi. Kwa nje gari hung’aa kuliko lilivyotoka dukani, lakini halifunguki tena. Hilo tulilijua kuliko somo lolote la shule.

Mnakumbuka mwaka 2023. Tarehe 4 Mei, siku ya Alhamisi, mafuriko yalivishukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, kule kando ya ziwa letu, upande wa kaskazini. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja, na wengine wengi hawakuonekana tena. Baadhi ya familia zilizonusurika zilikuja mjini kukaa kwa ndugu zao, nyingine katika parokia yetu. Majilio yalipofika, vijana waliombwa kuleta chochote kwa ajili ya watoto hao.

Sisi tulilitoa sanduku chini ya kitanda, tukaligawa mafungu mawili. Magari 18 yalikuwa mazima, hayo tuliyarudisha. Tisa yalikuwa mabovu: hili halina gurudumu, lile limepasuka kifuani, jingine limebabuka kwa jua. Hayo tisa tuliamua kuyatoa. Zilikuwa zimebaki siku mbili, tukayapaka yakiwa yamefungwa. Msidhani tulisahau. Mmoja alisema, “Hayatageuka haya,” na mwingine akajibu kwamba mtoto atafurahia rangi. Wa tatu alinyamaza na kuendelea kupaka.

Dominika ilitangazwa kwamba vijana watatu wamewatolea watoto wa Kalehe vichezeo vyote walivyovikusanya tangu utoto wao. Neno “vyote” halikutoka kinywani mwetu. Lakini tulikuwa tumeketi benchi la tatu, tulilisikia vizuri, na hatukulisahihisha. Waamini walipiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele.

Zawadi ziligawiwa tarehe 28 Desemba, siku ya Watoto Mashahidi. Mvulana wa miaka kama saba alipewa gari jekundu. Hakulisukuma sakafuni kama wenzake. Aligeuza tumbo lake juu, akatafuta kiungo kwa kidole gumba mahali pake hasa, akabonyeza. Tulitambua mara moja kwamba aliyajua magari hayo. Bibi yake alituambia baadaye kwamba alikuwa nalo moja kule Nyamukubi. Akabonyeza tena, akatumia meno, ndipo mkono ukavunjika. Tulitazamia alie. Badala yake alitazama huku na huku kama mwizi, akauficha mkono ule wa plastiki mfukoni, akalifunika gari kwa viganja vyote viwili, akatujia na kusema aksanti. Alidhani ameharibu kitu kizima. Bibi naye akatubariki: “Aksanti, batoto bangu.”

Tulipanda kurudi nyumbani bila kusemezana. Wengi wenu mmesikia habari ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume, sura ya 5: waliuza shamba, wakazuia sehemu ya thamani yake, wakaleta iliyobaki miguuni pa mitume kana kwamba ndiyo yote. Tulikuwa tumeisikia mara nyingi na kila mara tuliiona ni kali kupita kiasi. Petro mwenyewe alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, hata fedha ilikuwa yake, hakuna aliyemdai. Usiku ule tuliielewa. Hakuna aliyetudai magari 18. Tungeweza kuyabakiza na kusema wazi kwamba tumeyabakiza, na mtoto yule angelipewa gari bovu linalojulikana kuwa bovu, asijione mkosaji.

Tulimwendea paroko, kila mmoja kwa wakati wake, bila kupatana. Yaliyosemwa katika Kitubio hayaandikwi hapa. Tutasema tu kwamba nje, uani, alituuliza wote watatu swali moja: “Na sanduku sasa liko wapi?”

Dominika ya Tokeo la Bwana tulilibeba. Tuligombana njiani, tena kwa sauti, kuhusu la njano, lile la kwanza tulilolinunua. Watu waliotoka Misa walitugeukia. Tulifika na magari 17. Wote watatu tunajua la 18 liko wapi, na ukurasa huu unaandikwa likiwa bado liko huko.

Tulimweleza yule mvulana, mbele ya bibi yake, kwamba gari halikuvunjwa naye. Tulilipaka vibaya kwa makusudi ya haraka. Hakuonyesha kushangaa. Alichagua jeusi, akaligeuza mara tano mfululizo, kisha akaingia ndani na kurudi na lile jekundu pamoja na mkono wake, akaviweka juu ya magoti ya mmoja wetu. Hakutaka jingine badala yake. Alitaka hilihili litengenezwe.

Kukwangua rangi iliyoingia viungoni ni kazi ya sindano na subira. Goti la kulia limefunguka. Kila Jumamosi hupita kuuliza kuhusu mkono.