Malenga ni Nani?

Hapa Nyakitonto wanakisomo wetu wazee huniambia, "Mwalimu, ushairi ni kazi ya watu wa pwani na ya waliosoma." Mimi nasema sivyo. Tuyatazame maneno yenyewe.

Neno mshairi limetokana na shairi, na shairi limetoka katika Kiarabu. Lakini Kiswahili kina neno jingine la zamani: malenga. Malenga ni fundi wa kutunga na kuimba. Huko pwani, penye ngoma au harusi, malenga alitunga papo hapo, watu wakaitikia. Hakuulizwa kama anajua kusoma. Alitakiwa ajue kutunga.

Basi bibi wa hapa Buha anayetunga nyimbo za kulima, naye ni nani? Naye ni malenga. Asijiite mjinga.

Kwa nini basi ajifunze kuandika? Kwa sababu malenga akifa, nyimbo ambazo hakuna aliyezishika huzikwa naye. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, mkoani kwetu Kigoma, mwaka 1924. Alifariki mwaka 1964. Lakini mwaka 1954 kilikuwa kimechapishwa kitabu chake chenye sheria za kutunga mashairi, pamoja na mashairi yake mwenyewe. Yeye hayupo, maneno yake tunayo.

Je, kijijini kwako nani anajua nyimbo za zamani? Mwendee na daftari lako. Andika ubeti mmoja kama anavyouimba. Chini yake andika jina lake.