Enzi za Kuchagua Jairo ya Mkia

Nilipoanza kurusha helikopta za rimoti nchini Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980, hapakuwa na mengi ya kuchagua: ama una jairo ya mkia, ama huna. Wakongwe wa klabu walikuwa wamejifunza miaka ya 1970 kwa helikopta za Mjerumani Dieter Schlüter, bila jairo, na walituona sisi wageni tumedekezwa.

Kazi ya kifaa hiki ni hii. Panga kuu likizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzungukia upande wa pili, na panga dogo la mkiani ndilo huuzuia. Ukiongeza nguvu ya kupanda, uwiano huo huvurugika na pua hugeuka kabla kidole hakijawahi. Jairo huhisi mgeuko, kisha huiamuru sevo ya mkia, yaani mota ndogo inayobadilisha pembe ya panga la mkiani, iurekebishe.

Ya kwanza niliyonunua ilikuwa kiboksi chenye mota iliyozungusha vigurudumu vizito, ikilia kama mbu sikioni. Ilinyonya betri ya risiva, na helikopta ikianguka, beringi zake ziliumia hata kama kiboksi hakina mchubuko. Kwa hiyo dukani tuliuliza mawili: inakula umeme kiasi gani, na itadumu? Utulivu wake ulikuwa wa wastani. Ilipunguza kasi ya mgeuko tu, haikuirudisha pua ilikokuwa. Upepo wa ubavuni ukivuma, mkia ulisukumwa na pua ikaelekea unakotoka upepo.

Miaka ya 1990 zikaenea jairo za piezo. Mota ikatoweka, mahali pake pakawa na kipande cha kauri kinachotetema, na mwili ukigeuka, mtetemo hubadilika na kutoa ishara ya umeme. Zilikuwa nyepesi na zenye wepesi wa kuhisi, ila hazikupenda mabadiliko ya joto. Ukiitoa helikopta kwenye gari lenye joto ukaiweka kwenye nyasi za Januari, mkia ulihamahama wenyewe. Tulizoea kuiacha nje ipoe kwanza ndipo tuiwashe.

Katikati ya muongo huo kampuni ya Kiingereza ya CSM ikaleta jairo inayoshika mwelekeo, na Futaba ya Japani ikatoa zake kwa jina la AVCS. Hizi zilikumbuka pembe iliyopotea na kuidai mpaka irudi. Kurudi kinyumenyume kwa kasi, jambo lililokuwa la mafundi wachache, kukawa ndani ya uwezo wa wengi. Lakini kona nazo zikabadilika: mkia haukufuata tena upepo wenyewe, ikabidi rubani auongoze mwanzo hadi mwisho.

Hapo uchaguzi ukageuka, maana jairo ilikuwa imeipita sevo kwa kasi. GY401 ya Futaba, iliyotapakaa viwanjani miaka ya 2000, ilikuwa na swichi ya DS, ya sevo za kidijitali. Ukiiwasha, amri zilikwenda kwa sevo zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Sevo ya kidijitali ilistahimili; ya analogi ingeweza kuungua. GY601 ilikwenda mbali zaidi: mpigo wa ishara yake, sevo ikiwa katikati, ulikuwa wa mikrosekunde 760 badala ya 1520 zilizozoeleka, hivyo ilidai sevo iliyotengenezwa kwa mpigo huo. Mnunuzi makini alipiga hesabu ya vifaa viwili kwa pamoja.

Jairo hizo zilikuwa na hila moja. Za zamani zilianika kila kasoro, hizi zilizifunika. Kifimbo kinachounganisha sevo na panga la mkiani kikikwama, au panga la mkiani lisilo na pembe ya kutosha, havikuonekana mpaka sevo ifike mwisho wa mwendo wake, kisha mkia ukaachia ghafla. Ndiyo maana nilirekebisha kwanza katika hali ya kawaida, isiyoshika mwelekeo: mkono wa sevo uwe nyuzi 90 na kifimbo, na urefu wa kifimbo ubadilishwe hadi helikopta itulie angani. Baada ya hapo ndipo niliwasha hali ya kushika mwelekeo.

Kisha zikaja helikopta zisizo na vifimbo vya kusawazisha panga kuu. Moduli kama Microbeast, ya mwaka 2010, ilikusanya sensa za pande tatu ndani ya kiboksi kimoja, na jairo ya mkia ikamezwa humo. Sensa hizo ni za silikoni, za jamii ile ile iliyomo ndani ya simu.

Vijana wanaoanza leo huniuliza wanunue moduli ipi, nami huwaambia nyingi zinatosha. Kila jairo ilipoboreka, udhaifu ulihamia kwa jirani yake: kwenye sevo, kwenye kifimbo, kwenye mtetemo wa beringi iliyochakaa. Nikibakiwa na fedha za ziada, naziweka kwenye sevo ya mkia, na kabla sijaiunganisha naisukuma mikono inayogeuza panga la mkiani kwa kidole. Ikikwama hata kidogo, hakuna jairo itakayoiponya.