BAISKELI HUFUATA MACHO



Leo nina swali moja kwako. Ukiamka asubuhi, kabla hujashika simu, kitu cha kwanza moyo wako unachotazama ni nini? Ni deni? Ni majibu ya daktari? Ni yule aliyekuacha? Jijibu mwenyewe kimyakimya, kisha tuendelee.

Wengi wenu mnajua kwamba Jumamosi nikipata nafasi hupanda baiskeli na vijana wa kanisa. Huku kwetu Kericho na Bomet, ukitaja baiskeli watu hufikiria kubeba maziwa. Lakini ziko baiskeli za milimani, zenye tairi pana na springi mbele, na Kenya ina historia nazo. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah kwenye njia za matope za Kikuyu, na baadaye akashinda Tour de France mara 4. Watu wa Nairobi wana msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai aliupigania usinyakuliwe, na leo watu huendesha baiskeli chini ya miti yake. Sisi tuna Mau.

Hivi karibuni tulikwenda upande wa Konoin, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu unapoanza. Tuliomba ruhusa kwa walinzi, tukavaa kofia zetu, tukaingia. Ndugu yangu, unatoka kwenye chai jua likiwaka, na hatua chache tu mbele ni giza la miti. Njia ni nyembamba, inashuka kuelekea mtoni. Na unaijua mvua yetu, haikosi alasiri. Mizizi ilikuwa inateleza kama sabuni.

Kabla ya kushuka niliwaambia vijana hivi: Shusheni kiti. Simameni juu ya pedali, uzito uwe nyuma. Punguzeni mwendo kabla ya kona, msingoje kufika katikati yake. Breki ya mbele msiikamate kwa nguvu kwenye mteremko, itawarusha juu ya usukani. Mzizi wenye maji uvukeni mkiwa mmenyooka, bila breki. Na la mwisho, tazama pale unapotaka kupita, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Ukikazia mti macho utaugonga, hata kama kando yake pana nafasi ya kupitisha ng'ombe.

Kijana mmoja aliugonga mti. Hakuumia, alichubuka mkono kidogo. Akaniambia, "Pastor, huo mti niliuona kutoka mbali kabisa! Sikuuondolea macho hata kidogo."

Nikamwambia, "Ndiyo maana umeugonga."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Tulipofika mtoni akaja kukaa kando yangu, akaanza kuongea. Amenipa ruhusa niwaambie haya bila kutaja jina lake.

Mama yake alichuna majani chai kwa miaka mingi. Mashine za kuchuna zilipofika shambani, kazi ikaisha. Wakati huohuo yeye alikuwa amepata barua ya kujiunga na chuo, lakini karo haikupatikana. Barua ameibandika ukutani mbele ya kitanda. "Kila asubuhi naamka naitazama, Pastor. Siku zingine naona heri nisingeamka."

Mpendwa, hapo baiskeli tulizisahau. Tuliomba pamoja pale mtoni. Jioni hiyo nilimpeleka nyumbani, tukaketi na mama yake, akamwambia yote. Wiki iliyofuata nilimsindikiza kwenda kumwona mshauri wa hospitali, maana maombi na daktari havigombani.

Sasa msome Petro katika Mathayo 14. Alishuka kutoka kwenye mashua, akatembea juu ya maji akimwendea Yesu. Maji yalikuwa yaleyale na upepo ulikuwa uleule tangu mwanzo. Kilichobadilika ni macho. Alipoyageuzia upepo, akaanza kuzama. Lakini ona, hata akizama, Yesu alikuwa karibu kiasi cha kumshika kwa mkono.

Usinielewe vibaya. Sikuambii ufumbe macho ujifanye shida haipo. Upepo wa Petro ulikuwa wa kweli. Mashine shambani ni za kweli. Na njia ina hatari ya kweli pia: Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, Mkenya mwenzetu aliyejua baiskeli kuliko wengi, alifariki mbioni huko Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022. Imani si ahadi kwamba hakuna atakayeanguka. Mwendeshaji mzuri huuona mti, hujua uko wapi, kisha huyapeleka macho yake kwenye nafasi. Mithali 4:25 inatufundisha jambo hilohilo, macho yaelekee mbele.

Kwa kijana wetu, nafasi ilikuwa ndogo. Kuna fundi wa baiskeli na pikipiki hapa senta aliyehitaji msaidizi. Anaenda huko kila siku sasa. Karo bado haijapatikana, nami sitakudanganya kwamba imepatikana. Lakini barua ameitoa ukutani akaiweka ndani ya Biblia yake. Anasema akifungua kusoma huikuta, huiombea, kisha hufunga na kwenda kazini.

Wewe je? Wiki hii fanya mambo mawili. Kwanza, utaje mti wako mbele za Mungu kwa jina lake, usimfiche. Pili, tafuta nafasi moja iliyo kando yake, hata kama ni nyembamba, uelekee huko. Na kama umefika mahali pa kuona heri usingeamka, usikae na wazo hilo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu leo. Niandikie, nitakujibu.

Tuombe. Baba, tumechoka kutazama yale yanayotutisha. Inua macho yetu tukuone wewe, na utuonyeshe pa kupita. Anayezama asubuhi hii, mshike mkono. Katika jina la Yesu. Amina.

Mtumie mtu mmoja anayehitaji neno hili.