Chato hadi Kigali: kilomita 200 zinazopitia Dar es Salaam

Ukipima kwenye ramani, uwanja wa ndege wa Chato, mkoani Geita, uko takriban kilomita 200 tu kutoka uwanja wa Kigali. Ndege ya panga boi ingezimaliza kwa chini ya saa moja. Lakini abiria wa kwetu anayetaka kuruka kwenda Rwanda kwa kawaida huelekea mashariki kwanza: kilomita zipatazo 950 hadi Dar es Salaam, asubiri ndege nyingine, kisha arudi magharibi kilomita 1,100 na ushee. Jumla ni zaidi ya 2,000, mara kumi ya umbali wenyewe.

Huku ninakoishi, Malmö, kusini mwa Sweden, mambo ni tofauti: uwanja mkubwa tunaoutegemea uko nchi jirani, Kastrup, Denmark. Tangu daraja la Øresund lifunguliwe Julai 2000, treni hutoka mjini, huvuka bahari na kusimama uwanjani penyewe. Safari haifiki nusu saa. Stockholm iko zaidi ya kilomita 500, na hakuna anayeona ni lazima aanzie huko kwa kuwa tu iko nchini mwake. Daraja peke yake lisingetosha. Nchi za Nordic zilikubaliana kuhusu pasipoti tangu miaka ya 1950, na ratiba za treni hupangwa kwa pande zote mbili.

Kwetu, barabara imetangulia. Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, kuna daraja jipya juu ya mto Kagera na kituo cha pamoja cha mpakani, vilivyozinduliwa rasmi Aprili 2016. Abiria wa basi hushuka, hugongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja, kisha hupanda tena, huku malori kutoka bandari kavu ya Isaka yakisubiri zamu yao. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, na mtu wa Geita anayekwenda Mwanza hasubiri tena kivuko.

Yamebaki makaratasi na anga. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa; Tanzania haikuingia katika mpango huo. Nasi Kanda ya Ziwa tuna viwanja, tuna dhahabu, tuna mafundi wa migodi, wafanyabiashara, wagonjwa na wanafunzi wanaohitaji kufika kwa jirani. Ndege ndogo ya Mwanza, Chato na Kigali, hata mara chache kwa wiki, ni jambo la kudai kwa wabunge wetu na mashirika ya ndege.

Kwa sasa, ndugu yangu uliye ughaibuni na kwenu ni Kahama, Runzewe au Ngara, usikate tiketi ya Dar kwa mazoea. Ulizia na ya Kigali, ongeza nauli ya basi kupitia Rusumo na muda wa mpakani, kisha linganisha. Piga hesabu ya safari kuanzia mlangoni kwenu.