Mpira Umekuwa Kazi

Uwanja wetu wa mpira hapa Mchinga uko kati ya minazi na bahari. Mchanga wake ni mwingi kuliko majani, na milingoti ya magoli ni miti iliyochongwa na fundi wa mashua. Kusi ikivuma, mpira wa juu hauna mwenyewe. Kwa hiyo watoto wa hapa hujifunza mapema kupiga pasi za chini. Watu wa Dar es Salaam wakisema "timu za mchangani" wanatumia fumbo. Kwetu si fumbo. Ni mchanga kweli, na unaingia machoni.

Mimi nilianza kufundisha shule ya msingi mwaka 1981, na nikastaafu mwaka 2018. Miaka hiyo yote nilikuwa pia mwalimu wa michezo, maana yake ni kwamba mpira ulilala nyumbani kwangu, chini ya kitanda. Nilipoanza, hakuna mtu aliyeuita mpira kazi. Ulikuwa mchezo wa ridhaa. Ligi ya taifa ilikuwapo tangu mwaka 1965, lakini mchezaji mwenye bahati alikuwa ni yule aliyeajiriwa na shirika la umma, akaandikwa karani au kuli, kisha akaruhusiwa kutoka mapema kwenda mazoezini. Mshahara wake ulikuwa wa ukarani. Mabao aliyatoa bure. Akistaafu soka, alibaki na meza yake na kalamu yake. Tulimwonea huruma kwa kuwa hakuwa tajiri. Leo ninapokumbuka, naona kwamba yule bwana alikuwa na kitu ambacho vijana wengi wa sasa hawana.

Ndugu msomaji, niruhusu nieleze kwa nini nasema hivyo, kwa sababu jambo hili limenigusa ndani ya nyumba.

Kwa mila zetu sisi watu wa kusini, Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamachinga, mjomba si mgeni wa sikukuu. Mtoto wa dada yako ni wako. Akitaka kuoa, huulizwa mjomba. Akiharibu, huulizwa mjomba vilevile. Dada yangu ana watoto wawili wa kiume, na wote wawili Mungu aliwapa miguu.

Yule mkubwa alichukuliwa mwaka 2009. Alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, akamwona akicheza siku moja tu, jioni akaja kwangu na karatasi. Alisema timu yake inapanda daraja, kijana atapata shilingi laki moja kila mwezi, chakula na pahala pa kulala. Mimi ni mwalimu. Nimewafundisha watoto wa watu kusoma kwa ufahamu, na kuwachapa waliojibu maswali bila kusoma habari. Lakini karatasi ile niliitia sahihi nikiwa nimesimama, kwa mwanga wa kibatari, huku watu wamejaa uani wakishangilia. Nakala sikuomba. Dada alikuwa ameuza ufuta wake wote kumnunulia viatu na nauli. Wakati ule kipande cha barabara kutoka Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado hakina lami, na safari ya Dar ilikuwa safari hasa. Tulimsindikiza hadi barabarani kama anayekwenda Maka.

Alicheza msimu mmoja na nusu. Mshahara alioupata kwa ukamilifu ulikuwa wa miezi minne. Kisha akaumia goti. Timu ilimpeleka hospitali siku ya kwanza. Siku ya pili ilimwambia aende nyumbani akapumzike. Nilipopiga simu kuuliza habari za mkataba, niliambiwa niulete tuutazame. Ningeuleta kutoka wapi? Kijana hakurudi Mchinga, aliona haya. Leo anatembeza viatu vya mtumba Kariakoo, naye anachechemea kidogo ikinyesha. Watu husema kwamba jina la machinga, yaani mchuuzi wa barabarani, lilianza kwa vijana wa kwetu waliokwenda mjini kutafuta maisha. Basi mpwa wangu aliondoka Mmachinga, akawa machinga. Yeye mwenyewe hufanya mzaha huo. Mimi sicheki.

Sasa tazama jinsi dunia ilivyogeuka. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1993, kijiji kizima tulikaa kwenye redio kusikiliza fainali ya Kombe la CAF. Simba walikuwa wametoka sare ya bila kufungana na Stella kule Abidjan, tukaamini kombe limefika nyumbani, wakaja kufungwa mbili bila Dar es Salaam. Wazee walilia. Ilipita miaka thelathini kabla klabu ya Tanzania haijaiona tena fainali ya Afrika. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa mbili kwa moja nyumbani, wakaenda Algiers wakashinda bao moja, na bado wakalikosa kombe kwa sababu ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 Simba nao wakafika fainali hiyohiyo dhidi ya Berkane ya Morocco. Mara tatu tumefika mlangoni, na mara tatu mlango umefungwa. Lakini mwenye macho anaona kwamba safari hizi mbili za mwisho zimefuatana karibu karibu.

Kilichobadilika ni fedha. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na shirikisho la soka mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya kuonyesha ligi kwenye televisheni. Katika ligi yenye timu 16, hata timu ndogo sasa ina fungu ambalo zamani lingekuwa ndoto. Hapa Mchinga nasi tuna kibanda umiza chetu, ambako vijana hulipa kiingilio, wakabanana kwenye mabenchi na kutazama ligi ya nyumbani kwa hamu ileile wanayotazamia ya Uingereza. Jambo hilo sikutegemea kuliona.

Mkoa wetu wa Lindi nao haukuachwa nyuma. Mwaka 2019 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, na Azam wakaifunga Lipuli bao moja. Nilikwenda kwa basi dogo na wavulana kumi na mmoja. Mwaka huohuo Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu. Mwaka uliofuata ikacheza fainali ya kombe hilo dhidi ya Simba kule Sumbawanga, ikafungwa mbili kwa moja, na kwa kuwa Simba walikuwa mabingwa wa ligi, Namungo ikapata nafasi ya kwenda Afrika. Ikafika hatua ya makundi! Timu ya Ruangwa, mahali ambapo zamani tulipajua kwa korosho na ufuta, ikacheza na Raja Casablanca. Ilimaliza mkiani mwa kundi lake, lakini nani aliyejali? Mpwa wangu mdogo alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Toka siku hiyo alianza kulala na mpira.

Tena vijana wana kioo cha kujitazamia. Mbwana Samatta alianzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, akapita Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Mbagala ndiko mabasi yetu ya kusini yanakoingilia mjini. Kijana wa Mchinga akishuka hapo, anaona kama anakanyaga nyayo za Samatta. Haoni nyayo za kaka yake anayechechemea.

Mwezi wa nane mwaka 2024, mtu mwingine alikuja. Huyu alikuwa na gari na simu mbili. Alimtaka mpwa wangu mdogo, wakati huo kidato cha tatu, kwa timu ya vijana ya klabu moja ya mjini. Dada yangu alimleta nyumbani kwangu usiku.

"Kaka," aliniambia, "wewe ndiye mjomba. Mimi sisemi kitu."

Kutosema kwake kulikuwa kusema. Kijana alinipa shikamoo, kisha akakaa chini bila kunitazama.

Safari hii nilivaa miwani. Nilimwuliza mgeni mambo manne. Mshahara ni kiasi gani, na umeandikwa wapi? Akiumia, nani anamtibu na kwa muda gani? Atasoma shule gani? Na nakala yangu iko wapi? La kwanza alijibu kwa mdomo. La pili alisema tumwombee Mungu asiumie. La tatu alicheka. La nne alisema nakala itatumwa. Nikamwambia kwamba kijana atamaliza kidato cha nne kwanza. Yule bwana hakubishana hata kidogo. Alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwetu, akamchukua mtoto wa jirani, ambaye sote tunajua kuwa hamfikii mpwa wangu kwa mguu wa kushoto wala wa kulia.

Mpwa wangu hakunisemesha miezi miwili. Alileta samaki, akaweka mlangoni, akaondoka.

Katika kipindi hicho nilisoma sana habari za mpira wa kulipwa, nikatafuta kama kuna nchi iliyowahi kuanza kama sisi. Nilishangaa kuona kwamba Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ilianza vibaya. Walikuwa na ligi tangu mwaka 1968. Mwaka 1975 New York Cosmos wakamleta Pelé, viwanja vikajaa, kila mtu akadhani mambo yameiva. Mwaka 1984 ligi ile ikachezwa kwa mara ya mwisho, kwa kuwa timu nyingi zilitumia fedha kuliko zilizoingia, na majina makubwa hayakuacha mizizi. Baada ya kuandaa Kombe la Dunia mwaka 1994 walianza upya mwaka 1996, timu 10 tu, mishahara ikiwa na kikomo. Mwaka 2025 timu zilikuwa 30. Sisemi tuwaige, maana wao hata kushuka daraja hawakujui, na ligi isiyoshusha timu kwetu ingekosa chumvi. Nasema tu kwamba fedha peke yake si msingi. Nyumba yetu sisi inasimama juu ya nguzo mbili, Simba na Yanga. Tangu Azam walipotwaa ubingwa mwaka 2014, hadi kufikia 2025 hakuna mwingine aliyeugusa. Zamani Mseto ya Morogoro iliweza mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Nyumba ya nguzo mbili husimama, lakini usiitundike mizigo yote.

Jambo lililonigusa zaidi nililikuta katika kanuni za FIFA. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Maana yake ni kwamba hata uwanja wa mchanga una haki yake. Lakini haki hiyo inadai karatasi: klabu iwe imesajiliwa, na jina la mtoto liwe limeandikwa na mwaka wake. Mimi nimelea wachezaji kwa miaka thelathini na saba, na sikuwa na hata orodha moja. Tulikuwa tunatoa watoto kama mti unavyotoa embe, apitaye huokota.

Nikanunua daftari gumu. Nikaandika jina la kila mtoto anayecheza kwetu, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti na si kama anavyotaka mwenye timu, jina la mama, na siku aliyoanza. Kisha nikaenda Lindi kwenye chama cha mpira kuuliza masharti ya usajili. Wanataka katiba, orodha ya viongozi na ada. Katiba nimeiandika mwenyewe, na nimewaazimia wazee waisome kwanza.

Mwaka jana mtoto wa jirani alionekana kwenye televisheni. Aliingizwa dakika za mwisho, akagusa mpira mara mbili. Kibanda umiza kililipuka kwa kelele. Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Nami nilikuwa ndani. Tulitazamana, na mimi ndiye niliyeinamisha macho. Huenda nilimlinda. Huenda nilimzibia njia. Mjomba hupewa mamlaka ya kuamua, hapewi macho ya kuona mbele, na sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba moyo wangu umetulia.

Asubuhi yake alikuja, akanipa shikamoo, akaomba daftari. Nilidhani anatafuta jina lake. Kumbe alitaka kuandika wavulana watatu wa Mchinga Mbili waliokuja mazoezini wiki ile, ambao mimi niliwasahau. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Mwezi wa kumi na moja akafanya mtihani wa kidato cha nne.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na hapa kwetu. Watatafuta vijana kila pembe, na magari yenye watu wa simu mbili yatafika hadi Mchinga. Na yaje. Mpwa wangu bado anataka kwenda, nami nimemwambia kwamba safari hii tutapanda basi pamoja, na mkataba tutausoma tukiwa tumekaa.