Umri wa Nguva

Neno nguva limepata bahati na msiba kwa wakati mmoja katika ushairi wetu. Bahati yake ni kwamba halikosekani: kila msimu husoma tungo za vijana wa hapa Temeke, na haipiti wiki pasipo mpenzi kufananishwa na nguva. Msiba wake ni kwamba nguva huyo ni binti mwenye nywele ndefu na kiuno chembamba, aketiye juu ya mwamba akichana nywele na kuimba. Binti huyo simkatai. Hadithi za pwani zinamjua tangu kale, na mabaharia wa Ulaya nao walikuwa na wa kwao. Ninachokataa ni kwamba amemfukuza mwenye jina.

Nakaa Mbagala, si mbali na Rangi Tatu, mahali ambapo mabasi ya Kibiti, Utete na Nyamisati hupakia abiria. Kwa hiyo barabara inayopita karibu na mlango wangu ndiyo iendayo upande wa nguva wenyewe, kwa maana maji yaliyo kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa ndiyo makazi yao muhimu kuliko yote katika pwani ya Tanzania. Jirani yangu mmoja, mzee aliyezaliwa huko delta na kuvua ujana wake wote, aliwahi kumwona nguva kwa macho. Nilipomwamkia jioni moja na kumsomea ubeti wa kijana mmoja juu ya nguva, alicheka mpaka akakohoa. “Mwanangu,” akasema, “huyo wenu anachana nini? Nguva hana nywele. Ana mdomo kama wa ng'ombe, na kazi yake ni ile ile ya ng'ombe: kula majani.”

Mzee alisema kweli tupu. Nguva ni mnyama wa kunyonyesha, si samaki, ingawa washairi humwita samaki kila wanapopungukiwa mizani. Mwili wake hufikia mita 3 na uzito wa kilo 400 au zaidi. Mkia umegawanyika kama wa nyangumi. Mifupa yake ni mizito na imeshiba, nayo humsaidia kukaa chini kwenye malisho, yaani majani yaotayo katika sakafu ya bahari penye kina kifupi. (Hayo si mwani, mwani hauna mizizi wala maua, majani haya yanavyo vyote.) Nguva akilisha huacha njia ndefu mchangani, kama shamba lililopitiwa na jembe. Katika wanyama wa nchi kavu, jamaa yake wa karibu ni tembo. Na matiti ya jike yapo kwapani, nyuma tu ya mapezi yake ya mbele, jambo ambalo yumkini ndilo lililowachanganya mabaharia. Visa vingine kuhusu nguva na wavuvi siviandiki hapa. Waliozaliwa pwani wanavijua.

Lakini kilichonishika mimi ni umri wake. Nguva ana meno mawili ya mbele mfano wa pembe, yanayotokeza nje hasa kwa madume, na jino hilo likikatwa huonekana matabaka ndani yake, kama pete za mti. Wataalamu huyahesabu na kujua miaka. Nguva aweza kufikisha miaka 70. Aliyezaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, akisalimika na nyavu, angeweza kuwa angali hai leo akilisha huko Rufiji. Jike hubeba mimba mwaka mmoja na zaidi, huzaa mtoto mmoja tu, humnyonyesha kama mwaka na nusu, kisha hupita miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Wengine hawaanzi kuzaa mpaka wamepita miaka 15. Mnyama wa namna hii hawezi kufidia hasara za haraka. Anapumua hewa kama sisi, hivyo akinaswa na jarife na kushindwa kupanda juu, dakika chache zinatosha kumuua. Mnyama wa baharini hufa kwa kuzama. Desemba 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaingiza nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, likikadiria kuwa wakubwa wanaoweza kuzaa hawafiki 250.

Nguva alikuwa na ndugu kule kaskazini, katika Bahari ya Bering, mkubwa kuliko yeye mara nyingi, mwenye urefu wa kufikia mita 8. Mtaalamu Georg Steller alimwona mwaka 1741. Kufikia 1768 alikuwa amekwisha kuliwa wote. Hiyo ni miaka 27, na nguva mmoja huishi zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Na sauti je? Washairi wanaomtaka mwimbaji wa baharini wamebisha hodi nyumba siyo. Nguva hulia kama kifaranga, vilio vifupi vyembamba. Mwimbaji ni nyangumi wa nundu, ambaye kila mwaka, takriban Julai hadi Oktoba, hutoka bahari za Antaktika kuja kuzaa katika maji yetu ya joto. Watu wa Zanzibar na Watamu humwona akiruka. Dume ndiye aimbaye. Mwaka 1971 Roger Payne na Scott McVay walionesha kuwa sauti zake zina mpangilio unaorudiwa, na baadaye Katy Payne na mwenzake Linda Guinee waligundua ndani yake marudio yanayofanana na vina, hasa katika nyimbo ndefu zenye mengi ya kukumbukwa. Sababu waliyoipendekeza ni kwamba vina humsaidia nyangumi kukumbuka. Mtu aliyewahi kughani utenzi mrefu bila karatasi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kijana mwenye ule ubeti nilimweleza haya yote. Akanijibu, kwa adabu, kuwa mnyama mwenye mdomo wa ng'ombe hafai kwa mahaba, na akanitaka nimwandike mimi mwenyewe nione. Nimejaribu, kwa tarbia ya mizani kumi na sita:

Nguva hana nywele ndefu, ana ndevu mdomoni,
Macho madogo dhaifu, hulisha kwenye majani,
Uzazi wake hafifu, mtoto yu kifuani,
Jarife kwake ni hofu, hufia humo nyavuni.

Neno moja lilinisumbua kuliko vina vyote. Mwana wa nguva aitwaje? Kwa kuwa anakula majani, nilitaka kuandika ndama, na mizani ingekubali kwa marekebisho madogo. Nikamwendea mzee. Akafikiri kidogo, akasema kwao hawakupata kumwita ndama; walisema mtoto, kwa vile mama yake humbeba na kumnyonyesha kama mwanamke. Nikaliacha mtoto. Mwenye neno jingine la kwao, kutoka Lamu, Pemba, Kilwa au Mtwara, aniandikie.